Mbeleje na Maji ya Wafu

Nyamazeni, watu wa Isolwa. Mliokuja na garimoshi, na mliozaliwa hapa mkasikia king'ora chake kabla ya kuzijua sauti za mama zenu, sogeeni wote. Na wewe mwenye tai, ofisi imefungwa, keti chini kama wenzako. Leo nasema habari za Mbeleje, Mbeleje binti Malogo, Malogo wa Chiwanga, Chiwanga wa Ndahani aliyeshuka milima ya Nguluka na ng'ombe tisa na upinde mmoja. Mbeleje Mvunja Mwamba, Mbeleje Mikono ya Mninga, mama wa mji huu ambao hakuujenga kwa tofali hata moja. Mnakaa kwake miaka yote hii na wengi wenu hamjui hata jina la baba yake. Hiyo ni aibu, na leo tunaifuta.

Zama hizo za mababu, hapa palipo na ofisi za jimbo palikuwa na miiba, vumbi jekundu na nyumba sitini na tatu za Wasolwa, wafugaji na wakulima wa mtama, watu wakavu wa maneno na wakaidi kupindukia. Wajukuu wao mnawajua, hawajabadilika. Maji yalichotwa kwenye chemchemi ya Lukali, asubuhi nzima kwenda na mchana mzima kurudi, na Mbeleje ndiye aliyewaongoza wanawake huko, maana alibeba mitungi miwili pale wenzake walipobeba mmoja, na siku simba aliposimama njiani hakuutua hata mmoja, bali alimtazama yule mnyama akamwambia, "Pisha, maji haya yana wenyewe," naye simba akapisha. Anayetaka kucheka na acheke. Nyanya yangu alikuwa hatua tatu nyuma yake, na hakuwa mwanamke wa kusema uongo.

Wasolwa walikuwa na mila moja iliyozipita zote. Katika kila nyumba, pembeni, ulisimama mtungi wa wafu, umefunikwa kawa, ukijazwa kila mwezi ulipoandama, na maji yake hayakunywewa na aliye hai, awe mgonjwa, awe mfalme. Wafu wana kiu kutushinda sisi, walisema, na mfu mwenye kiu huzuia mvua. Mlinzi wa mila hiyo alikuwa Masima, kaka yake Mbeleje, tumbo moja, titi moja. Mtu mrefu, mwenye haki, asiyejua kupinda. Akisema neno, hakuna aliyethubutu kuliongezea lake.

Kisha ikaja Njaa ya Vumbi. Misimu miwili mvua haikunyesha, mtama ukakauka haujatoa masuke, ng'ombe wakafa wamesimama, na chemchemi ya Lukali ikawa inatoa maji kidogo kidogo, watu wakilala foleni wapate kibuyu kimoja. Mumewe Mbeleje alikwenda kutafuta malisho na hakurudi. Akabaki na mtoto mmoja, Nyemo, msichana wa miaka minne, naye akashikwa na homa siku ambayo mama yake alirudi kutoka Lukali na kibuyu kitupu.

Mtungi wa wafu ulikuwa hatua tatu kutoka kwenye mkeka wa mtoto, nao umejaa. Mbeleje akaenda akaweka mkono juu ya kawa. Masima alikuwa mlangoni. Akasema, "Mwana wa mama, ukiufungua huo utaua wengi kwa ajili ya mmoja." Naye Mbeleje, hili mlisikie vizuri, hakulazimishwa na mtu. Aliamini. Alikuwa Msolwa, binti wa Wasolwa, akaamini kwamba mvua ya watu wote imo mle ndani ya mtungi, akauondoa mkono wake. Jua halijazama, Nyemo akafa, na midomo yake imepasuka. Mbeleje hakulia siku hiyo wala siku saba zilizofuata, na watu wakaogopa kupita mlangoni pake. Hakumchukia kaka yake. Aliuchukia ule mkono.

Mwaka ule ule ndipo reli ilipotokea upande wa jua kuchomoza. Ilikuja na maelfu ya watu, wenye sururu na wenye mataruma mabegani, wakiimba kwa lugha ishirini, na mbele yao alitangulia mpimaji, Mzungu wa maneno machache ambaye watu walimwita Bwana Kamba, kwa kuwa hakuonekana bila kamba yake ya kupimia. Aliyesema kwa niaba yake alikuwa Feruzi, mnyapara, mtu wa pwani, mnene wa sauti na mwepesi wa kucheka, ingawa hapa Isolwa hakuona cha kuchekea. Akawakusanya Wasolwa akawaambia hivi: "Ndugu zangu, garimoshi linakunywa maji kuliko ng'ombe mia. Bwana anataka kisima hapa. Mwezi ukiandama hamna maji, reli inakata kusini, inakwenda mji wa Mkalinzi, na hapa haitarudi tena. Na nyuma ya garimoshi, mjue, kuna mabehewa ya mahindi."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane. Watu walitazamana. Walikuwa wameshazika theluthi ya watoto wao, na waliobaki wasingefika Mkalinzi kwa miguu.

Mbeleje akasimama, mara ya kwanza tangu msiba, akamwongoza Feruzi hadi pale ambapo zamani za baba yake tembo walichimba maji kwa pembe wakati wa kiangazi. "Chimbeni hapa," akasema, na mwenyewe akashika jembe. Walichimba Wasolwa na watu wa reli bega kwa bega, pima kumi na mbili kwenda chini, na katika pima ya kumi na mbili majembe yakalia juu ya mwamba, mwamba mmoja mpana, mweusi, usio na ufa. Baruti ilikuwa imekwisha yote kwenye milima ya Nguluka, na nyingine isingefika kabla ya mwezi. Sururu zikavunjika. Siku ya kumi na sita Feruzi akapanda juu, akakaa kwenye udongo akashika kichwa. "Mama," akamwambia Mbeleje, "tumefika mwisho wetu. Mwamba huu umetushinda."

Sasa, kila Msolwa alijua namna ya kupasua jiwe bila baruti, maana ndivyo mababu walivyopata mawe ya kusagia: unawasha moto juu yake tangu alfajiri, unaukoleza mpaka jiwe liive, kisha unalimwagia maji baridi kwa ghafla, nalo linapasuka. Kuni zilikuwepo, nchi nzima ilikuwa imekauka kama kuni. Maji ya kumwaga ndiyo hayakuwepo, tena maji mengi. Lakini hakuna aliyelitamka hilo, kwa kuwa kila mtu pale alijua maji mengi yako wapi, na akaogopa wazo lake mwenyewe.

Mbeleje akaagiza moto uwashwe alfajiri ya siku ya kumi na saba. Moto ukawaka chini mle mpaka mdomo wa kisima ukawa haukaribiki, ukawaka mpaka adhuhuri, na watu hawakujua anawasha kwa matumaini gani. Adhuhuri akaenda nyumbani kwake. Alipotoka, amebeba kichwani mtungi wa wafu.

Vilio vikapigwa. Masima akasimama katikati ya njia na fimbo yake ya mpingo, akainyoosha, akasema, "Mbeleje, rudisha."

"Nijibu kwanza mbele ya watu, kaka," akasema Mbeleje. "Nyemo yu hai au amekufa?"

"Amekufa."

"Basi amekuwa mmoja wa wafu?"

"Ni mmoja wao."

"Na maji haya ni ya nani?"

Masima aliona anakopelekwa. Lakini alikuwa mtu wa haki, na uongo haukuwa kinywani mwake. "Ni ya wafu," akasema.

"Basi ni ya mwanangu," akasema Mbeleje Mvunja Mwamba, na hapo machozi ambayo hakuyalia siku zote zile yakamtoka mbele ya Wasolwa na mbele ya watu wa reli. "Alinyimwa akiwa hai, akapewa akiwa mfu. Mimi ndiye mama yake, namjua. Asingemwacha mtoto wa mwenzake afe akiyatazama. Nyemo anayatoa. Pisha, kaka yangu."

Fimbo ikashuka. Mbeleje akapita, akafika mdomoni mwa kisima, akaita, "Nyemo!" akamwaga. Mvuke ukapanda kama wa chungu kilichofunuliwa. Nyuma yake akaja bibi mmoja na mtungi wake, akaita jina la mumewe, akamwaga. Akaja mwingine, akaita majina matano, kwa maana wafu wake walikuwa watano. Nyumba sitini na mbili zilikuja zikiita na kulia, mpaka wale watu wa reli waliokuwa wageni wakavua kofia zao. Wa mwisho kabisa, wa sitini na tatu, akaja Masima na mtungi wa baba yao. Akasema, "Malogo, baba, nisamehe kama nimekosa," akaumwaga. Na chini mle mwamba ukapiga kelele, ukapasuka.

Msidhani maji yalitoka hapo hapo. Ulikuwa ufa tu, upana wa kiganja. Mbeleje akaomba mtaimbo wa Feruzi, akashushwa kwa kamba kwenye joto lile, na wanaume wawili walioshuka naye wakatolewa wamezimia, yeye akabaki. Aliubana mtaimbo kwenye ufa akauegemea kwa uzito wake wote na wa uchungu wake, akang'oa pande, wakalivuta; akang'oa la pili, wakalivuta; na kesho yake, jua likiwa utosini, siku ya mwisho, siku ya kumi na nane, wale waliokuwa juu walisikia sauti yake ikisema neno moja tu, "Vuteni." Wakavuta. Alitoka amelowa mpaka kifuani.

Feruzi akajaza bakuli, akampa kwanza yeye. Mbeleje akalipokea, akalishika, akawatazama watu wote, akatoa yale maneno ambayo Wasolwa waliyahifadhi neno kwa neno, nami nawapa kama nilivyopewa:

"Sikieni. Maji haya tumepewa na wafu. Si ya Malogo, si ya Masima, si yangu, wala si ya Bwana Kamba. Asije Msolwa akamwambia mgeni ondoka kisimani. Na mimi sitayanywa hata siku moja, kwa sababu nilimnyima mwanangu."

Akampa bakuli mtoto aliyekuwa karibu, akachukua kibuyu chake, akashika njia ya Lukali kwenda kutafuta maji yake ya kunywa. Na ndivyo alivyofanya maisha yake yote. Garimoshi likaja, likanywa, mahindi yakashuka, watu wakapona. Yeye kila baada ya siku mbili aliondoka na kibuyu chake. Wapo waliomcheka. Wapo waliomwambia, "Mama, yatosha sasa, umekwisha samehewa." Aliwajibu, "Na nani?"

Basi Isolwa ikakua, na reli ndiyo iliyoikuza. Walijenga wapagazi wa Kinyamwezi upande wa magharibi, Wamanyema wakafungua mashamba ya mihogo, akaja Ramji fundi cherehani na ndugu zake, akaja Waberi Msomali na ng'ombe wake, wakaja mafundi wa injini, wapishi, walimu, wauza kahawa. Kila aliyeshuka stesheni aliulizwa swali moja tu, kama ana kiu. Huko Mkalinzi haikuwa hivyo. Mkalinzi ulikuwa mji mzuri, wa kilimani, wa nyumba za mawe, lakini kila mtaa ulikuwa na ukoo wake, na mgeni alilala nje ya handaki lililouzunguka mji hata akikaa miaka thelathini.

Ikafika zama wenye nchi walipoirudisha nchi yao, na majimbo yakagawanywa, na jimbo letu likatafutiwa makao makuu. Miji ilikuwa miwili, Mkalinzi na Isolwa. Ikasemwa kwamba wajumbe saba watapita, waulize, waamue. Na hapo, ndugu zangu, jaribu la pili likamfika Mbeleje, nalo lilikuwa zito kuliko mwamba.

Masima alikuwa mzee sana, macho yamefifia, bado ndiye mkuu wa Wasolwa. Akamwita dada yake mbele ya wazee wa ukoo. Akasema, "Wajumbe watauliza mji huu ni wa nani. Nitajibu ni wetu. Serikali ikija na watu wake bila kutujua sisi ndio wenyewe, itatumeza. Wajukuu wetu watakuwa wageni kwao." Na mimi simlaumu Masima. Mtazameni Msolwa leo katika mji huu, ni mmoja kati ya mia, anauza mkaa kando ya barabara yenye jina la mtu asiyemjua. Mwambieni huyo kwamba hofu ile ilikuwa ya kijinga!

Mbeleje akasema, "Kaka, kisima nilikisemea neno."

"Ulisema ukiwa na uchungu. Sasa nasema mimi. Ukinipinga mbele ya wageni, hutazikwa kwenye makaburi ya Malogo."

Wazee wakainamisha vichwa, kwa kuwa walijua amegusa wapi. Katika makaburi ya Malogo ndimo alimolala Nyemo, na kando ya Nyemo paliachwa nafasi, nayo Mbeleje alikuwa akiipalilia kila mwezi kwa miaka arobaini na minne. Hakutamani kitu kingine duniani isipokuwa hapo. Akarudi nyumbani.

Wajumbe wakashuka stesheni saa nne asubuhi, wakawekewa viti mbele ya tangi la maji ya garimoshi, mji mzima ukajaa hapo. Mkubwa wao akauliza, "Tuambieni, mji huu mwenyewe ni nani?"

Masima akasimama. "Ni sisi, Wasolwa. Wengine wote tumewakaribisha."

Wamanyema wakatazama chini. Ramji akaanza kukunja mkeka wake. Watu waliozaliwa hapa wakahisi kwa mara ya kwanza kwamba wamekaa kwenye kiti cha mtu. Mbeleje aliyaona yote hayo, akaangalia upande wa makaburi ya baba yake, akaangalia kwa muda mrefu, mpaka waliokuwa karibu naye wakafikiri amepitiwa na usingizi wa uzee. Kisha akainuka.

"Feruzi," akaita. "Mkeo umemzika wapi?"

Feruzi, mzee wa mvi sasa, akajibu, "Hapa, mama. Ng'ambo ya reli."

"Ramji, baba yako mlimchomea wapi?"

"Hapa hapa Isolwa, mama."

"Waberi, watoto wako wawili?"

"Wako hapa, mama," akasema Waberi, akafunika uso kwa kitambaa.

Aliwaita mmoja mmoja, Mmanyema, Mnyamwezi, fundi wa injini, mwalimu, na kila mmoja alijibu hapa, hapa, hapa. Ndipo akawageukia wale saba. "Waheshimiwa, kaka yangu ni mtu wa haki, lakini leo ameacha kuhesabu. Nilisema kisima hiki ni cha wafu. Wafu wa Isolwa wameongezeka. Mwenye mfu wake hapa ndiye mwenyeji, na mji ni wao wote. Nimemaliza." Akakaa.

Wajumbe hawakungoja kesho, maana Mkalinzi walikwisha pita. Walisema mji mkuu wa jimbo hauwezi kuwa sebule ya ukoo mmoja, na kabla garimoshi la jioni halijaondoka walikuwa wameandika jina la Isolwa. Ngoma zikapigwa za kila kabila. Lakini Masima alisimama mbele ya dada yake katikati ya ngoma zile, akasema, "Nilisema, na sirudishi," na Mbeleje akajibu, "Nimesikia, kaka. Wala sikuambii uyarudishe."

Asubuhi ya siku ambayo makao makuu yalifunguliwa, wakati bendera inapandishwa na mabwana wanahutubia, alionekana akipita makaburini. Aling'oa magugu kando ya Nyemo, akapangusa mikono, akachukua kibuyu chake akashika njia ya Lukali kama desturi. Hakurudi. Watu wa reli wakamtafuta, askari wa jimbo wakamtafuta, Wasolwa wakamtafuta. Hawakupata mfupa wala uzi wa kaniki yake. Wamanyema wanasema amelala kwao, waliuona udongo umefukuliwa. Waislamu wanasema kwao, Wakristo wanasema kwao, jamaa za Ramji humwagia maua mahali wanapopajua wao. Kila jamii ya mji huu inalo kaburi la Mbeleje, wala sijasikia mtu akiligombea.

Masima aliishi mwaka mmoja baada ya hapo. Alipokuwa kitandani wazee walimwambia wamekwisha andaa mahali pake, kulia kwa Malogo, pa heshima. Akatikisa kichwa. "Nilipomfungia dada yangu mlango, siwezi kuingia mimi," akasema. "Nipelekeni ng'ambo ya reli, kwa wageni. Huenda yuko huko."

Wakamzika huko, karibu na mke wa Feruzi, na mji mzima ulikwenda.